Tumkumbuke Makhan Singh, Mume na Baba

(Haya ni maneno ya hotuba aliyotoa mzee mmoja wa chama chetu, fundi wa chapa aliyestaafu, mbele ya wanachama na jamaa zao, siku ya kumkumbuka Makhan Singh. Tumeyapiga chapa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Bwana Katibu ameniomba nizungumze juu ya maisha ya Makhan Singh, naye amenipa nusu saa tu. Nitajaribu kumtii. Kila tunapomkumbuka mtu huyu huwa tunasema mambo matatu: alianzisha vyama, aliongoza migomo, alifungwa na Waingereza. Hayo yote ni kweli, nami nitayataja, maana naona vijana wengi hapa ambao hawakuyasikia. Lakini leo nataka kuongeza jambo ambalo sijapata kulisikia likisemwa katika ukumbi huu. Makhan Singh alikuwa na mke, na alikuwa na watoto watatu. Kabla hajawa mtu wa chama alikuwa mtu wa nyumbani kwake. Nataka tuangalie maisha yake kwa upande huo, kisha nitakuwa na ombi kwenu.

Kwanza, habari zake. Alizaliwa tarehe 27 Desemba 1913 katika kijiji cha Gharjakh, wilaya ya Gujranwala, katika Punjab. Siku hizo ilikuwa India. Leo mahali hapo pako Pakistan. Baba yake, Sudh Singh, alikuwa seremala, akaja Kenya kufanya kazi ya reli. Makhan Singh alimfuata Nairobi mwaka 1927, akiwa kijana wa miaka 13. Alisoma katika shule ile ambayo leo inaitwa Jamhuri High School. Alikuwa na akili nyingi, na alitaka kuendelea na masomo, lakini fedha hazikupatikana. Basi akaingia kazini katika kiwanda cha chapa cha baba yake. Mnaona, ndugu zangu mafundi wa chapa, huyu alikuwa mwenzetu hasa. Alijua harufu ya wino, na alijua kusimama mbele ya mtambo mpaka miguu ikafa ganzi.

Mwaka 1935 alichaguliwa kuwa katibu wa chama cha wafanya kazi wa Kihindi hapa Nairobi. Jambo la kwanza lililofanywa na chama hicho chini yake lilikuwa kubadilisha jina. Neno la Wahindi likaondolewa, kikaitwa Labour Trade Union of Kenya, na mlango ukafunguliwa kwa kila mfanya kazi, wa rangi yoyote, dini yoyote na kabila lolote. Kumbukeni hiyo ilikuwa Kenya ya 1935, ambako hata choo kilikuwa na rangi yake. Mwaka 1937 chama hicho kiligoma siku 62. Siku 62, ndugu zangu! Mwishowe matajiri walikubali kuongeza mishahara kwa asilimia kati ya 15 na 22, wakakubali siku ya kazi iwe ya saa 8, na wagomaji wakarudishwa kazini. Baadhi ya matajiri hao walikuwa Wahindi kama yeye. Hakujali. Kwake tajiri alikuwa tajiri na mfanya kazi alikuwa mfanya kazi.

Mwishoni mwa mwaka 1939 alikwenda India. Mwezi wa Mei 1940 serikali ya Waingereza huko ikamkamata. Alikaa kizuizini zaidi ya miaka 2, na alipotolewa Julai 1942 akaamriwa asitoke kijijini kwake, mpaka Januari 1945. Alirudi Kenya Agosti 1947. Serikali ya hapa ilipomwona tu ikaanza kutafuta njia ya kumfukuza. Alikamatwa, akapelekwa mahakamani, akashinda, akafuatwa tena. Naye akaendelea na kazi. Tarehe 1 Mei 1949 vyama vikaungana katika East African Trade Union Congress, Fred Kubai akiwa rais na Makhan Singh akiwa katibu mkuu. Mwafrika na Mhindi juu ya meza moja, kila mmoja akiweka sahihi yake kando ya mwenzake. Kwa serikali ya wakati ule hilo lilikuwa jambo la hatari.

Tarehe 23 Aprili 1950 palikuwa na mkutano mkubwa katika ukumbi wa Kaloleni. Ukumbi huo ungalipo, nendeni mkauone. Hapo Makhan Singh alisimama akadai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Hakudai viti vichache zaidi katika baraza, wala hakusema uje polepole, bali uhuru kamili. Wiki tatu baadaye, tarehe 15 Mei, akakamatwa pamoja na Kubai. Kesho yake wafanya kazi wa Nairobi wakagoma, na mgomo ukaendelea siku 9.

Sasa nakuja kwenye jambo langu. Jambo hili linataka hesabu, na hesabu si ngumu.

Kuanzia siku ile ya Mei 1950, Makhan Singh hakurudi nyumbani kwake mpaka Oktoba 1961. Hiyo ni miaka 11 na miezi 5. Hakuiba, hakuua, wala hakupewa kifungo cha miaka fulani ambacho mkewe angeweza kukihesabu ukutani. Aliwekwa tu, mpaka serikali itakapopenda. Mfungwa wa kawaida anajua siku yake ya kutoka, na mkewe anaijua. Huyu hakuijua. Alipelekwa Lokitaung, kule mwisho wa Kenya upande wa kaskazini, katika jua la Turkana. Aliwekwa pia Maralal, na Dol Dol. Si mahali ambapo mtu anapanda basi Jumapili asubuhi kumwona mumewe na kurudi jioni.

Mtoto aliyekuwa na miaka 6 mwaka 1950 alikuwa na miaka 17 mwaka 1961. Fikirini yaliyomo katikati. Mtoto hung'oka meno, huota mengine. Huanza shule, huimaliza. Huugua surua usiku. Huletwa barua kutoka kwa mwalimu. Sauti ya mvulana huvunjika akawa mwanamume. Mambo hayo yote hutokea mara moja tu, hayangoji baba atoke kizuizini. Ukijumlisha miaka ya India na ya Kenya, serikali ya Kiingereza ilimzuia Makhan Singh kwa miaka ipatayo 16. Na mtu mwenyewe aliishi miaka 59.

Mkewe aliitwa Satwant Kaur. Nataka mlisikie jina hilo, tena mliandike. Katika vitabu vya historia ya vyama utaona majina ya marais, makatibu, mahakimu na magavana. Jina la Satwant Kaur utalitafuta. Lakini serikali ilipomchukua mumewe, yeye ndiye aliyebaki na watoto watatu katika mji ambao baba yao aliitwa adui wa serikali. Baada ya miaka miwili na nusu ikaja Hali ya Hatari, watu wakaogopa hata kutaja majina. Mwanamke huyo hakuchaguliwa na mkutano wowote. Hakupewa cheo, hakupigiwa makofi. Lakini bila yeye, mumewe angewezaje kukaa kimya na imara kule Lokitaung? Mtu huweza kuvumilia jangwa ikiwa anajua kwamba nyumbani kuna mtu.

Najua kuna wengine wenu mnaosema moyoni: Kama alimpenda mkewe, mbona hakuacha? Ni swali la haki. Wala msidhani mlango ulikuwa umefungwa pande zote. Serikali haikutaka kumlisha Lokitaung milele. Ilichotaka ni aondoke Kenya. Kama angekubali kwenda zake India asirudi, angekuwa huru na jamaa yake. Alikataa. Alisema nchi yake ni Kenya.

Nimefikiri sana juu ya jambo hilo, nami sina jibu jepesi la kuwapa. Ningekuwa mimi, pengine ningekubali. Lakini naona hivi: baba huwapa watoto wake vitu viwili. Humpa mtoto mkate wa leo, na humpa mahali pa kusimama kesho. Makhan Singh alinyimwa nafasi ya kutoa mkate. Kile cha pili hakukubali kukiuza ili apate cha kwanza. Watoto wake waliweza kusema kwamba wao ni watu wa hapa, na kwamba baba yao aliwekwa jangwani kwa sababu alikataa kuambiwa si mtu wa hapa. Huo ni urithi. Lakini ni urithi uliolipiwa, na waliolipa kwa sehemu kubwa ni mama na watoto. Tukimsifu baba bila kusema hivyo, tunadanganya.

Sasa niruhusuni nizungumze habari zangu kidogo, maana aisifuye mvua imemnyea.

Mwaka 1993 tuligoma katika kiwanda nilichokuwa nikifanya kazi. Sitataja jina lake, wala halina maana leo. Watu 14 tukafukuzwa, mimi mmoja wao. Nilikaa miezi 7 bila kazi. Katika miezi hiyo nilialikwa mikutano mingi, nikapewa kiti cha mbele, nikasema maneno makali. Nilijiona mtu mkubwa. Na mke wangu, siku hizo zote, aliamka saa kumi za usiku akaenda Marikiti kununua sukuma wiki na nyanya, akaja kuziuza kando ya barabara mtaani kwetu. Mimi nilipigwa makofi ukumbini, yeye alipigwa na baridi Marikiti. Jioni alinipakulia chakula. Nami nilikula, nikamweleza yaliyosemwa mkutanoni.

Mke wangu sasa ni marehemu. Tulipokwisha kumzika, binti yangu mkubwa aliniambia: "Baba, unakumbuka ule mwaka wa mgomo? Mama alikuwa akila mwisho, baada yetu sote. Siku nyingine chungu kilikuwa kitupu, naye alituambia ameshakula sokoni." Nilikuwa sijui. Nililala nyumba moja na mwanamke huyo, nikila kutoka chungu kimoja, wala sikujua.

Ndugu zangu, katika miezi ile 7 hakuna kiongozi mmoja wa chama aliyekuja kubisha hodi nyumbani kwangu kumwuliza mke wangu, "Mama, mnaendeleaje?" Simlaumu mtu. Nilikuwa katika kamati ya tawi miaka mingi baada ya hapo, na wengine walifukuzwa, wengine wakakatwa vidole na mashine, wengine wakafa. Mimi nami sikwenda kubisha hodi. Tuliandika barua kwa tajiri. Tulikwenda mahakama ya kazi. Nyumbani kwa mtu hatukwenda, maana tulidhani mambo ya nyumbani si mambo ya chama.

Hapo ndipo nilipoanza kumfikiri Makhan Singh kwa njia nyingine.

Alitoka Oktoba 1961. Wengi wangedhani mtu kama huyo atapewa cheo kikubwa, ama katika serikali ya uhuru, ama katika vyama. Hakupewa. Vyama vilikuwa na viongozi wapya na ugomvi mpya, na wengi hawakutaka kukumbushwa mambo ya zamani. Hakupiga kelele. Alikaa chini akaandika. Mwaka 1969 kitabu chake cha historia ya vyama vya wafanya kazi wa Kenya, tangu mwanzo mpaka 1952, kikatoka. Alikusanya karatasi zote: matangazo, barua, hesabu za mikutano, majina ya watu wadogo waliosimama siku moja wakasema neno moja. Karatasi zake nyingi zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Kitabu chake cha pili kilitoka 1980, naye alikwisha kufa. Moyo ulisimama tarehe 18 Mei 1973.

Fanyeni hesabu tena. Alikaa kizuizini miaka 11 na miezi 5. Kutoka siku alipoachiliwa mpaka siku alipokufa ni miaka 11 na miezi 7. Kwa hivyo baada ya kungoja muda wote ule, Satwant Kaur alipata mumewe kwa muda ule ule, na miezi miwili juu yake. Basi. Serikali ilichukua nusu, ikamwachia nusu. Na hata katika nusu hiyo, mume alikuwa mezani akiandika habari zetu sisi.

Mimi sasa ni babu. Nina wajukuu watano. Mmoja wao, msichana wa darasa la nne, aliniuliza juzi: "Babu, chama ni nini?" Nikaanza kumweleza mambo ya mapatano na mishahara, nikaona macho yake yameondoka. Basi nikamwambia: "Chama ni watu wasioachana." Akasema, "Kama ukoo?" Nikamjibu ndiyo, kama ukoo.

Na kweli ndivyo ilivyo, maana vyama navyo vina ukoo. Ule muungano wa 1949 ulikataliwa na serikali ukavunjwa. Lakini mwaka 1952 ukazaliwa muungano mwingine wa vyama vilivyoandikishwa, ambao mwaka 1955 uliitwa Kenya Federation of Labour, na mwaka 1965 ikaanzishwa COTU. Hawakuwa wakisikilizana siku zote, kama vile watoto na baba zao hawasikilizani. Lakini siku ya saa 8 unayofanya kazi leo, na haki ya Mkamba, Mluo, Mkikuyu, Mhindi na Mswahili kuwa katika chama kimoja, ukizifuata nyuma utafika kwa yule fundi wa chapa wa 1935. Sisi ni wajukuu wake kwa kazi. Na mjukuu mwenye adabu hamkumbuki babu peke yake akamsahau bibi.

Bwana Mwenyekiti, nimekaribia mwisho, na nilisema nina ombi. Ombi langu lina vipande vitatu.

La kwanza: kila tawi liwe na daftari, na katika daftari hilo, mbele ya jina la kila mwanachama, liandikwe jina la mke wake au mume wake, na majina ya watoto, na mahali wanapokaa. Nasema mke au mume, maana leo wanachama wengi ni wanawake, nao pia wana watu wanaowangoja nyumbani. Leo tuna daftari la michango tu. Tunajua mtu analipa shilingi ngapi, hatujui anaishi na nani.

La pili: mwanachama akifukuzwa kwa ajili ya chama, au akiumia kazini, au akifungwa, au akifa, watu wawili wa kamati wafike nyumbani kwake kabla ya siku 7 kupita. Wasiende kuhutubia. Waende kuketi, wanywe chai wakipewa, na waulize kuna nini chunguni. Wakiona chungu ni kitupu, waseme hapa bila haya, na sisi tujue la kufanya.

La tatu: tutenge fedha kidogo kila mwezi, mbali na fedha za ofisi, kwa ajili hiyo tu. Kiasi gani, nawaachia ninyi mnaopokea mishahara, maana mimi mwenye pensheni nikitaja mtasema mzee anatumia mifuko ya watu. Lakini hesabu zake zisomwe mbele ya wanachama kila robo ya mwaka, kila senti, ili neno lisiingie.

Vijana wataniambia kazi za siku hizi ni za kibarua na kandarasi za miezi mitatu, leo mtu yupo, kesho hayupo, daftari litaandikwaje? Nami nawajibu: kwa sababu hiyo hiyo tunalihitaji zaidi. Mtu wa kibarua akifukuzwa hakuna hata barua. Asipojulikana na chama chake, hajulikani na mtu.

Ndugu zangu, hatuwezi kumrudishia Satwant Kaur miaka ile. Wala mimi siwezi kumrudishia marehemu mke wangu sahani moja ya ugali kati ya zile alizosema alikula sokoni. Yaliyopita yamepita. Lakini usiku wa leo, katika mji huu, kuna mke wa mwenzetu fulani, au mume wa dada yetu fulani, anayehesabu unga uliobaki. Pengine yuko mtaa ule ule unaokaa wewe. Huyo bado tunaweza kumbishia hodi.

Bwana Mwenyekiti, naliweka jambo hili mbele ya mkutano lipigiwe kura. Na wale mliokuja na wake zenu au waume zenu leo, mkifika nyumbani, kabla hamjawaeleza mzee alisema nini, waulizeni kwanza wao wanasemaje.